Kanda ya "Niite Mr. II" haijafa, mgonjwa ni redio yako

Ubishi wa "Niite Mr. II" hauishi hapa Mbeya. Albamu hii ya rapa Sugu, ambaye ndiye Mr. II, ilitoka 1998, ndiyo yenye "Hali Halisi", na ukikaa na wazee wa kanda pale Mwanjelwa kila mmoja ataapa kuwa ya kwake ni orijino na ya mwenzake ni ya dabo deki, ile mashine ya kanda mbili ya kukopia kutoka moja kwenda nyingine. Ukiomba uisikie hiyo orijino, jibu linakuja haraka: "Ilishakufa, inaimba kama mtu aliyetumbukia kisimani."

Nyingi hazijafa, wakuu. Kanda ya miaka ile ikitoa sauti nzito, inayoyumba au iliyofifia, mara nyingi kosa liko kwenye mashine, au kwenye kipande cha kitambaa chenye ukubwa wa punje ya mchele ndani ya gamba. Mkanda wenyewe ni mgumu kuliko mnavyoudhania. Na kuhangaika kuna faida: wimbo mmoja mmoja utaupata mtandaoni, wakati mwingine mtangazaji akiwa anatoa salamu katikati ya ubeti, lakini albamu ikiwa albamu, upande A kisha B kwa mpangilio wake, iko kwenye plastiki hiyo unayotaka kumpa mtoto achezee.

Orijino au dabo deki?

Tazama kwanza mgongo wa kanda. Iliyotoka kiwandani na nyimbo zake huwa haina vile vibao viwili vidogo vya plastiki. Kuna matundu tu, ili mtu asirekodi juu yake. Kanda iliyonunuliwa tupu ina vibao, na aliyetaka kulinda alichorekodi alivivunja kwa ncha ya bisibisi. Ukiona mabaki yaliyochongoka kwenye kona za tundu, hiyo ilianza maisha ikiwa tupu. Ukiona tundu limezibwa kwa selotepu, jiandae kisaikolojia: kuna mtu amerekodi kitu juu, na usishangae upande B ukianza na Sugu ukamalizia na mahubiri.

Vibao peke yake havitoshi kuhukumu, kwa sababu maharamia wakubwa nao walitumia magamba yasiyo na vibao. Kipimo bora ni urefu wa mkanda. Kiwanda kinakata mkanda kulingana na albamu, kwa hiyo wimbo wa mwisho ukiisha, upande unaisha muda mfupi baadaye. Kopi ya mtaani iko kwenye kanda ya dakika 60 au 90. Hapo utakuta ama wimbo umekatwa shingo kwa sababu mkanda uliisha, ama dakika kadhaa za kimya, ama nafasi imejazwa na "nyongeza": rumba la Kongo, kwaya, chochote kilichokuwa karibu na deki siku hiyo. Mwenye kopi ya aina hiyo huwa mkali sana ukimwambia si orijino. Hata wimbo wa kwaya atakuambia ulikuwemo.

Ila msidharau kopi. Orijino iliyopigwa kwenye daladala miaka mitano inaweza kuwa imechoka kuliko kopi iliyorekodiwa mapema na kufungiwa kabatini. Kinachoua kopi ni ile swichi ya dabo deki ya kurekodi kwa kasi maradufu. Inaokoa muda, lakini inakula sauti za juu: matoazi, zile "s" na "ch" za mchanaji. Zikishapotea kwenye kurekodi, hakuna fundi wala programu ya kuzirudisha.

Kabla hujaiingiza popote

Hewa yetu ya huku juu si rafiki wa kanda. Tukuyu mvua haziishi, na nyumba nyingi za Mbeya na Njombe ukuta wa nje unabaki na unyevu miezi ya baridi. Kanda iliyokaa kwenye kabati lililoegemea ukuta huo inaota kuvu. Ishike kwenye mwanga, chungulia dirishani: mzingo wa mkanda unatakiwa uwe laini na wa rangi moja, kahawia au mweusi. Ukiona vumbi jeupe au madoa ya kijivu pembeni, hiyo ni kuvu, na usiipige. Kuvu ikifika kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma mkanda, utaihamishia kwenye kanda zako zote zinazofuata.

Yenye kuvu fanyia kazi nje, umevaa barakoa. Kama gamba lina skrubu, huwa ni tano, na bisibisi ndogo ya nyota inatosha. Fungulia kanda ikiwa imelala juu ya kitambaa cheupe, upande wa skrubu juu, na piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu, maana vile virola viwili vya kwenye kona na karatasi mbili laini za kuteleza vina mahali pake. Futa pembeni mwa mizingo kwa brashi laini kavu, kisha hamishia mkanda kwenye gamba safi la kanda isiyo na thamani. Usipake spiriti kwenye mkanda. Ile rangi ya kahawia ndiyo muziki wenyewe, imegandishwa na gundi, na gundi hiyo hujui itaipokeaje spiriti.

Gamba lisilo na skrubu limeunganishwa kwa joto. Hilo unalipasua taratibu kwa wembe kwenye mstari wa katikati, kuanzia juu ambako mkanda hauko karibu, na hulitumii tena.

Unyevu wa kawaida usio na kuvu unatoka kwa kuiweka kanda kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Wiki moja inatosha. Kuna wanaofukia kanda ndani ya mchele. Mchele una vumbi la wanga, linaingia ndani ya gamba na kusaga hedi; mchele wa Kyela kazi yake inajulikana. Na kando ya jiko la mkaa ndiyo kabisa usithubutu, gamba linapinda na mizingo inaanza kusugua. Kanda iliyotoka chumba cha baridi kuletwa sebuleni penye moto iache ndani ya kasha lake saa kadhaa ipate joto la chumba, la sivyo ukungu wa maji unatua juu ya mkanda.

Sasa kile kitambaa kidogo. Katikati ya mdomo wa kanda, nyuma ya mkanda, kuna kisahani cha shaba chenye kipande cha kitambaa kinachousukuma mkanda ugusane na hedi. Gundi yake inakauka kwa umri, kitambaa kinadondoka, na kanda inaanza kutoa sauti ya mbali inayokuja na kuondoka. Watu wengi hutupa kanda kwa kosa hili tu. Chomoa kisahani chote kutoka kanda nyingine, kiweke. Ukibandika kitambaa kilekile, tumia tone dogo la gundi na usubiri ikauke kabisa.

Mwisho, peni. Ile ya Bic yenye pande sita inaingia kwenye meno ya mzingo, hilo wote tunalijua. Tumia peni kukaza mkanda uliolegea tu. Kuzungusha kanda nzima kwa peni hewani kunaufunga mkanda vibaya, sehemu imekaza na sehemu imelegea, na hapo ndipo redio inapoanza kuula. Kanda iliyokaa miaka bila kupigwa ipeleke mbele yote mpaka mwisho, kisha irudishe yote nyuma, kwenye deki nzima. Mkanda unaachana na kujipanga upya, na milio ya kukwaruza mara nyingi inaisha hapo hapo.

Mkanda ukiwa umekatika, unga kwa tepu maalumu ya kuungia ukiipata, ukiibandika upande wa ndani, ule usiogusa hedi. Selotepu gundi yake inavuja pembeni na kukamata mzingo wa juu yake. Kama huna njia nyingine, iweke, rekodi mara moja, itoe. Na usiogope kukata kipande kilichochanika: mkanda unakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo sentimita mbili ni chini ya nusu sekunde. Uliokunjamana bila kuchanika usikate. Utasikika vibaya kidogo, lakini maneno yapo.

Mashine

Hapa ndipo penye kazi. Deki ya mtumba ya mezani, yenye tundu za LINE OUT (za kutolea sauti) nyuma, inashinda redio yoyote ya kubeba. Ikiwa ni ya kucheza upande mmoja tu bila kujigeuza, bora zaidi, maana hedi inayozunguka hulegea na kukaa upande. Vile vidude vya plastiki vya kuchomeka USB vinavyouzwa kama vya kugeuzia kanda viache: mota yake dhaifu, sauti inayumba, na kuyumba hakurekebishiki.

Safisha hedi, na kile kijiti cha chuma kinachovuta mkanda, kwa pamba ya masikio na spiriti. Spiriti za duka la dawa hazifanani. Nyingine zina mafuta, nyingine zina rangi. Weka tone kwenye kioo, liache likauke. Likiacha alama, litaacha alama kwenye hedi pia. Konyagi ina kilevi cha asilimia 35, iliyobaki ni maji na ladha, kwa hiyo tafadhali, kunyweni. Kigurudumu cha mpira kinachobana mkanda kisafishe kwa maji na sabuni kidogo, kikauke, kwa sababu spiriti ya mara kwa mara inaufanya mpira uwe mgumu na kupasuka.

Sauti ikiyumba, ni belti. Belti ya zamani imelegea, au imeyeyuka na kuwa lami nyeusi. Lami hiyo itoe yote kwa spiriti, kwenye puli na kwenye gurudumu zito, kabla ya kuweka mpya. Kupata kipimo, zungusha uzi kwenye njia ya belti ilikopita, pima, kisha chagua belti fupi kwa asilimia 5 hivi. Fundi akikuwekea raba ya kufungia noti, mshukuru, lipa, nenda kwa mwingine. Unene wa raba ile hauko sawa, na kila mzunguko utausikia kwenye wimbo. Asubuhi za Juni na Julai, hasa kwa walioko Makambako na Njombe, acha deki izunguke dakika kumi na kanda isiyo na maana ili mpira upate joto kabla ya kurekodi.

Halafu kasi. Sugu wa deki inayokimbia anakuwa kijana wa darasa la sita, na wa deki inayovuta miguu anakuwa babu yake. Wengi hupima kwa masikio na kuishia kubishana. Kuna njia ya uhakika isiyohitaji kanda ya kupimia ya kiwandani. Chukua kanda tupu, rekodi mlio mmoja usiobadilika kutoka kwenye simu kwa dakika tano. Vuta mkanda nje, ulaze kwenye meza au sakafu safi bila kuuvuta kwa nguvu, pima mita 4.76 kwa futi ya fundi. Mwanzo na mwisho wa kipimo hicho, gusa mkanda kwa ukingo wa sumaku ndogo. Umefuta nukta mbili. Rudisha mkanda ndani, upige, na urekodi kwenye kompyuta. Utaona mlio unakatika mara mbili, na kati ya mkatiko mmoja na mwingine zinatakiwa ziwe sekunde 100. Zikiwa 97, deki inakimbia kwa asilimia 3 hivi. Zikiwa 103, inavuta miguu. Mota nyingi zina tundu dogo nyuma, ndani yake kuna skrubu ya kuongeza na kupunguza kasi. Izungushe kidogo sana kisha upime tena. Sumaku hiyo ukimaliza ipeleke chumba kingine, mbali na "Niite Mr. II".

Hapo deki iko sawa, lakini kopi iliyorekodiwa kwenye deki mbovu bado itakuwa na makosa ya deki ile. Dawa ni kulinganisha na toleo safi la wimbo mmoja mnaouamini, tuseme "Hali Halisi", kwa kupima kutoka mlio uleule wa ngoma mpaka mlio uleule. Ukipata uwiano wa wimbo mmoja, utumie kwa upande mzima.

Kitu cha mwisho kwenye mashine ni mlalo wa hedi, na hiki ndicho kinachofufua kanda "zilizofifia". Hedi ikiinama kidogo tu kulinganisha na ile iliyorekodi, sauti za juu zinapotea na kila kitu kinakuwa kizito. Pembeni mwa hedi kuna skrubu mbili. Yenye springi, ambayo mara nyingi imetiwa rangi kidogo, ndiyo ya kurekebishia. Weka alama ya mahali ilipo kwa rangi ya kucha. Weka sauti kwenye mono, piga sehemu yenye matoazi mengi, zungusha robo ya mzunguko au pungufu, huku na huku. Kuna sehemu moja ambapo sauti inafunguka ghafla. Ukiipita, inajifunga tena. Acha hapo. Bisibisi isiwe na sumaku, ijaribu kwanza kwenye pini. Kanda ya orijino na ya dabo deki zitataka mlalo tofauti, kwa hiyo unarekebisha kila kanda, kisha unarudi kwenye alama ya rangi ya kucha.

Kuirekodi

Waya wa AUX kutoka LINE OUT kwenda kwenye laptopu. Laptopu nyingi tundu lake ni la maiki na ni mono, utarekodi albamu nzima kisha ugundue kushoto na kulia ni kitu kilekile. Kadi ya sauti ya USB inasaidia, ila zile za bei ya chini kabisa nazo zina maiki ya mono. Soma kama imeandikwa LINE IN na stereo. Huna LINE OUT, tumia tundu la hedifoni na sauti ikiwa nusu.

Programu ya bure ya Audacity inatosha kabisa. Weka stereo, 44,100 Hz. Ukiwa na biti 16 kila dakika inakula kama MB 10, hivyo kanda ya saa moja ni MB 600 na kidogo. Tafuta wimbo wenye kelele kuliko zote, urushe, na shusha kiwango mpaka vilele vikae karibu na −6 dB. Sauti iliyogonga dari haitengenezeki. Chomoa chaja, rekodi kwa betri: ule mvumo wa chini wa umeme unapungua, na umeme ukikatika katikati ya upande B laptopu haizimi. Deki itazima, lakini hiyo utairudia.

Hifadhi upande mzima kama faili moja, WAV au FLAC, usiiguse. Kukata nyimbo, kupunguza "shhh", kurekebisha kasi, vyote fanyia kwenye nakala. Kwenye kupunguza "shhh" kuwa na mkono mwepesi. Ukizidisha, sauti ya mchanaji inaanza kuchemka chemka, na hiyo ni mbaya kuliko "shhh" yenyewe.

Majina ya faili yanatuvuruga kuliko kanda. Mtu huyu ana albamu za 2Proud, za Mr. II na za Sugu, na simu ikiona majina matatu inatengeneza wasanii watatu. Walioongeza "Mheshimiwa" baada ya 2010, alipochaguliwa mbunge, wamempata wa nne. Kwenye nafasi ya msanii wa albamu andikeni jina moja mlilokubaliana, na kwenye nafasi ya msanii andikeni lililo kwenye kava ya albamu hiyo. Namba za nyimbo zianze na sifuri, 01, 02, la sivyo baadhi ya simu zitapanga 1, 10, 2. Upande B uendeleze namba, usianze upya, na kwenye maelezo mwandike A1, B1, ili mwenye kanda nyingine ajue mlikata wapi.

Tunachohitaji kubadilishana zaidi ni taarifa: mpangilio wa nyimbo, muda wa kila mmoja baada ya kasi kurekebishwa, picha ya kava mbele na nyuma, picha ya gamba pande zote, na kama mgongo una vibao au hauna. Muziki ni mali ya mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 bado inamlinda, kwa hiyo msipandishe albamu nzima mtandaoni mkachuma matangazo kwa jasho lake. Picha zitumwe kama dokumenti, maana zikitumwa kama picha za kawaida WhatsApp inazikandamiza na maandishi madogo ya chini ya kava hayasomeki, wakati hayo ndiyo yanayomaliza ubishi wa nani ana orijino. Mwenye ile yenye kwaya upande B naye atume, mradi akubali kuiandika "nyongeza".